Kichwa cha Nguruwe Kilivyonifundisha Uso Wangu

Nikiwa mtoto kule Maposeni, babu yangu alikuwa na kichaka cha mianzi ya ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi. Asubuhi anakata ncha ya mwanzi mchanga, anafunga chombo, jioni chombo kimejaa. Nikajiuliza, huu ulanzi unatoka wapi? Nikachukua panga nikapasua mwanzi mmoja toka juu mpaka chini. Ndani hamna kitu. Nikapasua wa pili, nikapasua wa tatu. Babu alipofika alikuta kichaka kimelala, na mimi nimekaa katikati nafikiri. Fimbo za siku ile sizisemi, maana hapa kuna watoto. Ila hata baada ya fimbo nilimwuliza, "Sasa babu, unatoka wapi?" Akaniongeza mbili.

Ndivyo nilivyo, wanajumuiya wenzangu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kufungua kitu nione ndani sikuacha. Labda ndiyo maana nikawa mchinja nguruwe. Wengi wenu mmekula nyama yangu, msijifanye hamnijui. Bucha letu tulikuwa wawili. Mimi nachinja na kukata, mwenzangu anachoma. Jina lake silitaji. Alitokea upande wa Namtumbo, alikuwa amechoka kulima tumbaku, na kwa kuchoma nyama hakuna aliyemfikia. Tulikaa pamoja miaka mingi, mimi mdomo, yeye kimya.

Basi, mwaka mmoja nikaumwa hapa, nyuma ya sikio la kushoto, maumivu yanashuka mpaka shingoni. Siku mbili. Mwenzangu akasema, "Kaa hapo, mzee." Akayeyusha mafuta ya nguruwe, akatia majani yake anayoyajua, akanichua shingo. Nikalala vizuri.

Asubuhi nasukutua, maji yanamwagika upande wa kushoto. Chai vilevile. Mke wangu akanitazama akaangusha kikombe. "Baba, uso wako umefanya nini?" Jicho la kushoto halifumbi. Mdomo umevutwa kulia. Nikicheka, nacheka nusu. Nusu nyingine inanitazama tu kama mtu aliyefiwa.

Hospitali nilikwenda siku hiyohiyo, kweli nawaambia, mke wangu alinisukuma. Wakasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba. Wakanipa vidonge, dawa ya jicho, na mazoezi ya uso. Vidonge nikameza. Lakini moyoni nikasema, mshipa gani? Mimi nimekata vichwa vingapi? Uso ni ngozi na mfupa. Hapa pana mkono wa mtu.

Na mkono ulionigusa ulikuwa mmoja.

Ndugu zangu, nawaambia aibu yangu. Nilikwenda bucha Jumamosi, wateja wamejaa, nikasimama mbele yao na mdomo wangu wa pembeni, nikasema, "Huyu amenichua uchawi." Mate yananitoka. Mwenzangu alikuwa anageuza mbavu. Akasema tu, "Nenda kalale, mzee. Tutaongea ukipona."

Nikajifungia nyumbani Mjimwema, nikawa sitoki mchana. Yeye akaendelea na bucha peke yake, na kila jioni analeta nyama mpaka mlangoni. Mke wangu anapokea, mimi nawapa mbwa. Nikawa nawaangalia mbwa kama watapinda mdomo. Mbwa wakanenepa.

Sasa, nyumbani kwangu alikuwa amepanga binti mmoja anayesomea tiba. Kila siku anasoma kwa sauti mpaka kuku wamezoea. Siku moja nikamsikia analia.

"Mjukuu wangu, nani kafa?"

"Shikamoo babu. Hakuna aliyekufa. Nimefeli."

"Marahaba. Umefeli nini?"

"Misuli ya kichwa, shingo na kiwiliwili. Narudia mtihani, nikifeli tena wananirudisha nyumbani. Baba ameuza mahindi yote, babu. Na picha za kitabu sizielewi, zote nyekundu tu."

Nikamwambia, "Kichwa ninacho mimi. Cha nguruwe. Ila uso hauna misuli, hapo mmedanganywa."

Akafuta machozi. "Tubishane?"

Mke wangu akaenda bucha kuchukua kichwa. Mwenzangu hakuuliza cha nini. Alikiosha akakileta mwenyewe, akaishia mlangoni.

Tukakaa uani na kisu changu kidogo. Miaka yote mimi nakata kwa haraka, nyama ya shavu nachomoa mara moja, kwisha. Yule binti akasema, "Pole pole, babu. Menya ngozi tu." Nikamenya. Na kweli, chini ya ngozi nikaona nyama nyembamba, nyembamba kama karatasi, imeshikana na ngozi yenyewe! Msuli mmoja umezunguka jicho kama pete. "Huo ndio unaofumba jicho." Mwingine umezunguka mdomo. Mwingine uko ndani ya shavu, huo ndio unaopulizia moto.

"Mbona mimi natafuna mfupa mpaka unavunjika?" nikamwuliza. "Kama misuli ya uso imekufa, hii taya inafanya kazi kwa mshahara wa nani?"

Akacheka. "Wa kutafuna ni huu mnene, babu. Unaamriwa na mshipa mwingine kabisa." Akanishika taya. "Uma meno." Nikauma, nikausikia unavimba chini ya kidole chake. Ajabu!

Tangu hapo hatukulala kwa maswali. Nikigeuza uso kulia, kamba inasimama shingoni kushoto, toka nyuma ya sikio mpaka karibu na koo. Mke wangu akaleta ubavu mzima kutoka bucha, na binti akashangaa nilipomwonyesha tumbo la nguruwe: nyama ya ubavuni imelala tabaka tatu, kila moja nyuzi zake zinaelekea kwake, kama ukindu uliosukwa. "Kitabuni nilikuwa nakariri tu!" Na kile kiwambo chini ya mbavu, ambacho ndicho tunachovutia pumzi. Na fileti! Kumbe nami ninayo, ndani ya mgongo, ndiyo inaniinulia goti nikipanda ngazi. Nimeiuza maisha yangu yote bila kujua kuwa ninayo.

Ndipo tukarudi kichwani, tukafika chini ya sikio. Pana tezi la mate pale, sisi huwa tunatupa. Akaniambia nilipasue taratibu. Ndani yake nikaona uzi mweupe unatokea nyuma ya sikio, unajigawa kama vidole, kimoja kwenda jichoni, kimoja shavuni, kimoja mdomoni.

"Ndio huo wako uliovimba, babu. Kabla uso haujaanguka, hukuumwa nyuma ya sikio?"

Nikajishika nyuma ya sikio.

"Siku mbili," nikasema.

"Basi ugonjwa ulikuwa unaingia."

"Na mtu akinichua shingo?"

"Alikuta umeshaugua. Alikupunguzia maumivu tu."

Kisu nilikiweka chini.

Tukaanza mazoezi kwenye kioo: kunja paji la uso, fumba, puliza, nuna. Wajukuu wanakufa kwa kicheko. Wiki zikapita. Siku moja pua ikatikisika kushoto, mke wangu akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Binti naye akafaulu. Anasema nusura amwambie mwalimu "fileti".

Niwashukuru sasa hivi, maana nikimaliza sitaweza. Namshukuru Mungu, wauguzi, mke wangu, na yule binti. Ninalowaachia ni hili: ukiumwa, uliza kwanza maumivu yalianza lini, ndipo utafute nani. Mimi nilianza na nani.

Nilirudi bucha Jumamosi, wateja walewale. Nikasema kwa sauti, "Huyu hakuniroga. Niliumwa kabla hajanigusa. Naomba anisamehe."

Mwenzangu akaacha moto. Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga.

"Fumba jicho." Nikafumba.

"Puliza." Nikapuliza.

"Haya, umepona," akasema. "Nilikuwa nangoja hilo tu, bucha lisife."

Akanawa mikono, akatoka. Nikadhani amefuata chumvi. Nikasogea motoni nikawa nageuza zile mbavu zake zisiungue, wateja wakala, mkaa ukaisha. Hakurudi. Mpaka leo hajarudi.