Hotuba Mlangoni

Kwenye basi la Mbekenyera, mwaka 2008, kijana aliyekaa mbele yangu, Edwin, alimwambia mama wa pembeni yake kuwa yeye ndiye aliyetengeneza tovuti ya chama cha wakulima wa ufuta. Alikosea kujitaja.

"Kumbe ni wewe," mama alisema. "Binti yangu alinifungulia mjini. Picha ya mwenyekiti, hotuba ya mwenyekiti, halafu picha ya mwenyekiti akihutubia. Ufuta wenyewe hatukuuona. Mgeni akipiga hodi kwako unamhutubia mlangoni?"

Edwin alikiri kuwa wanunuzi hufungua na kuondoka papo hapo.

"Hata mimi niliondoka, na ufuta ni wangu."

Edwin akakohoa. "Mama, kwanza kabisa napenda kumshukuru mwenyekiti wetu..."

Basi lilisimama. Mama akashuka, Edwin bado yuko kwenye shukrani.