Mzee Nicodemus Makokha, Aliyefundisha Kitenzi kwa Vitendo

Marehemu Mzee Nicodemus Makokha alizaliwa Kimilili mwaka 1901. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la tatu. Baba yake alipofariki, akaitwa nyumbani kulima. Kiingereza kilichobaki alijifunza mwenyewe, akisoma maandishi ya makreti katika stesheni ya Nakuru, alikoajiriwa mwaka 1924 kupakua mizigo.

Alimwoa Truphosa Naliaka tarehe 7 Aprili 1928.

Jioni alifundisha majirani Kiingereza barazani, bure. Enzi hizo mtu akijua kitu alikigawa kama chumvi. Siku hizi hata njia ya kwenda sokoni utauziwa. Hakupenda kutafsiri. Alipomfundisha Bi. Leong, mjane wa seremala Mchina, kitenzi "take", alimpandisha garimoshi hadi Lanet, akamnywesha chai, akamwamuru amwondoe paka kitini.

"Yote hayo ni take," alisema.

"Mwalimu, neno moja, kazi nyingi!"

"Kama mke wangu."

"Nakusikia, Baba Nekoye!" Truphosa alijibu kutoka jikoni.

Bi. Leong alikuwa akitafuta kazi ya kumtunza ajuza wa Kizungu aliyekuwa mgonjwa huko Njoro. Angeulizwa maswali kwa Kiingereza Jumatatu, tarehe 4 Machi 1957. Siku chache kabla, kifua kilichomsumbua Mzee tangu Krismasi kikamlaza kitandani, na Bi. Leong akaja kumjulia hali.

"Pumzika, Baba Nekoye. Utakufa na kitenzi cha Wazungu mdomoni?"

"Bado 'take care'," alinong'ona. "Asipoijua hiyo, kazi hapati." Kikohozi kikamkata sauti.

Truphosa, aliyemenya viazi miaka yote akijifanya hasikii masomo, akamwinua mumewe, akamfuta jasho, akamnywesha uji kidogo kidogo.

"Tazama, mwanangu. Hii ndiyo take care." Akamkabidhi Bi. Leong kijiko, naye akaendelea. Mzee akawatazama wote wawili, akaegemea mto kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Jumatatu jioni Bi. Leong alirudi kutoka Njoro akiwa amepata kazi. Mzee alisikia, akatabasamu. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Machi.

Ameacha mjane, Truphosa; watoto Nekoye, Milcah na Peterson; na wajukuu sita. Bi. Leong ameketi kwenye mkeka wa wafiwa pamoja na watoto. Truphosa ndiye aliyemwita hapo. Amesema pia kwamba baada ya matanga, baraza litafunguliwa jioni kama kawaida, na atakayefundisha ni yeye.

Bwana ampumzishe kwa amani.