Historia ya Arseni Fokich Rogulin, Aliyerudisha Kibali cha Dubu

"Shauri la Kurudishwa kwa Kibali cha Dubu Mmoja Pasipo Maelezo" ndilo jambo pekee lililowahi kumpeleka marehemu mbele ya serikali, na kwa kuwa wengi mliopo hapa mmelicheka miaka yote, familia imeona lisomwe pamoja na mengine.

Marehemu Arseni Fokich Rogulin alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 hapa Podlesnoye, mkoani Vologda, akasoma madarasa saba, akaanza kukata magogo mwaka 1956, kisha akawa mwindaji wa wilaya.

Agosti 1974 dubu aliua ng'ombe wawili wa kijiji, ofisi ya uwindaji ikampa marehemu kibali cha kumuua na kumwelekeza kwenye kishamba cha shayiri kilichopandwa msituni kiwe chambo, kila shuke likiwa mali ya umma. Jioni ya tarehe 29 alikaa juu ya ulingo, upepo ukimjia usoni, giza likiingia, shayiri ikayumba, ikatulia, ikayumba tena karibu zaidi, likatokeza bonge jeusi limeinama, linavuta mashuke, naye akalenga, kidole kikiwa tayari kwenye kifyatulio.

Hakupiga. Kwenye kibali alichokirudisha aliandika hivyohivyo, "Sikupiga", ofisi ikadai sababu mara nne, asitoe, ikamnyang'anya bunduki kwa miaka mitatu, na wiki moja baada ya jioni ile dubu akaua ng'ombe wa mama yake mwenyewe. Dukani wakampokea kwa "Enhe, Arseni, dubu kapiga hodi, nawe ukamwitikia karibu?", na mama yake akamwambia, "Mwanangu, si useme tu uliogopa, yaishe?" Naye akanyamaza, kwani kusema kungemfunga mtu, maana kumpunguzia dubu chakula cha serikali kulihesabiwa wizi.

Tarehe 8 Novemba 1975 alifunga ndoa na Kapitolina Yegorovna, wakajaliwa Ludmila na Gennadi. Mwaka 2017 alianza kuugua mapafu, akafariki tarehe 3 Machi 2019 katika hospitali ya wilaya.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupasulia kuni, na wakata magogo wenzake waliochimba kaburi kwa mitaimbo katika ardhi iliyoganda. Lala salama, Arseni Fokich, umepumzika na maswali ya ofisi.

Mama Kapitolina, aliyeketi hapa mbele, ameagiza la mwisho lisomwe kama lilivyo: jioni ile shambani hapakuwa na dubu, alikuwa yeye, amevaa koti jeusi la baba yake, anamkatia mbuzi wake shayiri kwa mundu, akapiga chafya, na marehemu akashusha bunduki.