Makarius Luambano na Nusu ya Bonde

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, na majirani zetu Waislamu asalamu aleikum, mliotoka mjini poleni kwa tope, viatu mtaosha, sababu ya kuwaleta huku bondeni badala ya makaburi ya kanisa mtaisikia humu humu.

Marehemu Makarius Luambano alizaliwa hapa Mpitimbi tarehe 14 Machi 1929, mtoto wa tatu wa Mzee Polikarp, akaanza shule ya misheni mwaka 1938, akaishia darasa la nne mwaka 1942, siyo kwa kukosa akili bali kwa ubishi, na ubishi huo mtakutana nao tena. Mwaka 1949 alikwenda Tanga kukata mkonge, baadaye akawekwa kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, na vumbi lake ndilo lililoanza kumla kifua. Tarehe 9 Julai 1955 alifunga ndoa takatifu na Mama Ekaristia, ingawa wapo wanawake waliomtaka wao, na wengine wamekaa hapa leo na kanga zao vichwani, yeye na mkewe wakajaliwa watoto sita, wa kwanza Yasinta, wawili wametangulia.

Mwaka 1984 alirudi moja kwa moja, akarithi bonde hili, ambalo kila Januari huchanua ua la zambarau lenye mzizi kama kiazi, ua ambalo bibi zetu walilikuta kila bonde na sisi tunaliona hapa tu. Biashara ikawa huria, bei ya mbolea ikapaa, watu wakateremkia mabondeni kulima, na wachuuzi toka ng'ambo ya mpaka wakaja kununua vile viazi vya maua kwa magunia, kwao ni chakula, bonde moja baada ya jingine likageuka mashimo. Marehemu akasema hili halichimbwi, na mwaka 1990 mkutano wa kijiji ukamuunga mkono.

Hapo ubishi ukamwingia, akakataza kila kitu, moto wa mwezi wa sita na hata wanawake kukata nyasi za kuezekea, akamvunjia jirani yake Mama Tabu mpini wa mundu mbele za watu, na mama huyo akamjibu, "Haya shemeji, linda, utaolewa na majani yako." Nyasi zikapanda zikampita mtu kimo, maua yakasongwa, Januari 1994 halikuchanua hata moja, na Mama Ekaristia akamwambia jikoni, "Baba Yasinta, umelinda majani." Kesho yake alibeba jogoo na mpini mpya, akaenda kupiga magoti kwa Mama Tabu, naye hakumwinua mapema, alimaliza kwanza kupepeta mahindi yake. Toka hapo kila Juni wanawake wakakata nyasi, wanaume wakapitisha moto mdogo nyasi zingali na ubichi, na maua yakarudi, machache, kisha mengi.

Januari mwaka huu kifua kilimlaza hospitalini mjini, na akiwa huko mtoto wake mmoja, jina tunalihifadhi kwa kuwa ameshika jeneza upande wa kichwa, aliingiza wachimbaji. Mama Tabu na wenzake waliwatoa, miundu mkononi, lakini nusu ya bonde ilikwishakwenda. Marehemu alibebwa kuja kuona, mashimo yamejaa maji ya mvua, hakulia, akasema, "Mnizike hapa ukingoni," maana alijua Mngoni atauza kila kitu ila hatachimba penye kaburi la baba yake.

Alifariki nyumbani tarehe 21 Aprili 1998, saa tatu asubuhi, ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na nusu ya bonde. Aliagiza asichumiwe ua, ndiyo maana juu yake mnaona ya plastiki, na kaburi lake lisipaliliwe kwa jembe Novemba, Siku ya Marehemu, kama tulivyozoea, bali lifyekwe kwa mundu mwezi wa sita pamoja na bonde.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, Padre aliyekubali kuja kubariki ardhi hii, majirani wote, na wazee wachache waliobaki aliofanya nao kazi mkongeni.

Pumzika kwa amani, Baba Yasinta, miundu tumeshainoa.