Mwalimu Taharuki na Jibu Lililochelewa

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi cherehani, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake. Alijifunza kusoma kwa magazeti ambayo baba yake alikatia vipimo vya nguo. Habari nyingi alizipata nusu, mwisho akajitungia.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1980, akafundisha fasihi katika shule moja hadi alipostaafu mwaka 2018. Wanafunzi walimwita Mwalimu Taharuki. Alisimulia mpaka kisa kikaze fundo, kisha akafuta ubao.

"Mwalimu, alipona au hakupona?"

"Ngojeni kesho. Msimulizi akiwahi kutoa mwisho, nani atamrudia?"

Tarehe 14 Agosti 1986 alimuoa mwanamke ambaye hakuwahi kukalia dawati. Marehemu alisahihisha madaftari kando ya jiko, na tashbihi za mkewe zikahamia ubaoni. Hilo halikuwa na ubaya. Ubaya ulikuja mwaka 2003, alipotunga kitabu cha hadithi cha shule. Humo alitia siri aliyonong'onezwa na mkewe: mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa, akamwacha kwa shangazi, na mtoto akafa bila kumwona tena mama yake.

Mkewe, asiyejua kusoma, alikipangusa kitabu kile vumbi kwa fahari miaka miwili. Siku moja binti yao mkubwa, akijiandaa kwa mtihani, alisoma kwa sauti mbele ya mama yake: "Taja sifa tatu za mama aliyemtelekeza mwanawe." Kisha akasoma kisa chenyewe. Hata shati la kijani la mtoto lilikuwemo.

"Jina nimebadilisha," marehemu alijitetea. "Ni mhusika tu."

"Majirani hawakusoma jina, baba watoto. Walinisoma mimi."

Januari mwaka jana figo zilianza kumsumbua. Tarehe 2 Mei mwaka huu, baada ya chakula cha mchana, mkewe akimbadilishia foronya, marehemu alimuuliza, "Mama watoto, umenisamehe?"

Jibu lilikuwepo, na lilikuwa zuri. Lakini mkewe alitaka marehemu naye aonje kungoja.

"Ngoja kesho," akamwambia.

Marehemu alicheka hadi akakohoa. "Hapo umenipata."

Alifariki siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijua mwosha. Leo mwosha, yaani mjane wake, anaitoa na ya kwake, kwa kinywa cha binti yule yule aliyesoma siku ile, maana mwenyewe uso hana pa kuuweka.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, dada mmoja na wajukuu watatu. Ametanguliwa na mtoto wa shati la kijani, anayetajwa leo kwa mara ya kwanza miongoni mwa watoto wa nyumba hii.

Jibu ni ndiyo, baba watoto. Pumzika, usingoje tena.