Mwenye Hisa Hamsini na Tatu Alitoka Kantini

Mtaisikia hadithi ya Mama Bajeti kwa watu kumi, na wote kumi watakosea. Wa masjala watasema wakaguzi walikuja kunywa chai. Wahadhiri watasema mimi nilivamia mkutano. Uongo mtupu! Mimi ndiye mpishi wa kantini ya chuo hiki tangu kuta hazijapakwa rangi, na kama kuna jambo sikuliona, basi halikutokea. Karani anaandika, mimi nasema.

Mwalimu wetu wa fedha anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja. Anatoka kwa tarehe yake mwenyewe, na kwa hilo tushukuru, maana ilibaki kidogo asiifikie.

Alikuwa na mtindo wake. Vijana wanakuja na tai shingoni, wanataka wafundishwe kuendesha makampuni asubuhi hiyohiyo. Yeye anawapa karatasi moja: andika utakula nini mpaka mwisho wa mwezi. Wananuna. Anawaambia, "Mwanangu, mfuko wako umekushinda, kiwanda cha watu utakiweza?" Ndiyo maana wakamwita Mama Bajeti.

Wakifika mwaka wa tatu, darasa linafungua kampuni kweli. Mwaka ninaousema walikuwa ishirini na watano, wakaweka mashine ya kutoa kopi karibu na geti. Kila mmoja akapewa hisa nne za karatasi ngumu, zenye sahihi ya Mwalimu. Jumla mia. Nyuma aliandika kwa mkono wake: hisa hii inaweza kuuzwa. Hapo ndipo Mwalimu, dada yangu wa kazini, alipoteleza, maana hakuandika iuzwe kwa nani.

Mwezi ukifika tarehe ishirini, vijana wananijia na sauti za kuomba maji. "Babu, tukopeshe chai." Babu hakopeshi. "Basi chukua hisa." Hisa moja, vikombe vitatu na mkate. Mimi shule niliisikia kwa jirani, lakini karatasi yenye sahihi naijua thamani yake. Nikawa naziweka kwenye kopo la sukari.

Mwaka huohuo wakaja wakaguzi watatu kuamua kama kozi ya fedha ibaki au ifungwe. Mkuu wa chuo alishapima darasa la Mwalimu kwa futi, ati litakuwa stoo. Mama Bajeti alikuwa amebakiza miaka sita. Kozi ikifungwa, naye anarudi nyumbani kabla ya wakati, na kiinua mgongo kilichopinda mgongo. Mume wake mgonjwa, mtoto wa mwisho bado shule. Asubuhi hiyo alikunywa chai bila sukari na hakujua.

Wakaguzi wakaomba waone mkutano mkuu wa kampuni. Ajenda moja: faida tugawane, au tununue mashine ya pili? Katibu akahesabu hisa ukumbini. Arobaini na saba. Akahesabu tena. Arobaini na saba.

"Nyingine ziko wapi?" akauliza mkaguzi mkuu, mama mmoja wa miwani.

Kisha mmoja akanong'ona, "Kwa babu wa chai."

Nikaitwa. Sikuvamia, niliitwa! Nikaingia na aproni yangu na kopo langu. Mama wa miwani akanitazama juu mpaka chini.

"Mzee, fedha umesomea wapi?"

"Hapo kantini, mama. Ada wananilipia hawa."

Watu wakacheka, Mwalimu hakucheka. Uso ulikuwa kama ukuta uliolowa mvua. Nikajua nimemharibia. Lakini huyu mwanamke, jamani! Akashika chaki, akawasimamisha mmoja mmoja: uliuza kwa nini? Mmoja alimaliza hela kwenye bando la simu. Mwingine alinunua viatu vya sherehe. Wa tatu, mwenyekiti mzima wa kampuni, hakukumbuka.

Akageuka kwa wakaguzi. "Mwaka wa kwanza niliwafundisha mfuko, wakaona utoto. Leo mfuko umemeza kampuni. Hilo ndilo somo langu, sina lingine."

Kalamu za wakaguzi zikaanza kukimbia. Ikaja kura. Vijana wengi, njaa imewashika, walitaka kugawana. Mimi na hisa zangu hamsini na tatu, bila kusita hata kidogo, nikainua mkono: mashine! Mbegu haipikwi.

Wiki mbili baadaye barua ikaja: kozi inabaki. Mwalimu alikuja kantini, akakaa juu ya kreti la soda, akavua viatu, akapumua pumzi ya miezi mitatu. Akaniambia, "Kaka, nusura uniue." Nikamwambia, "Dada, nimekuokoa, lipa chai." Hisa niliziuza kwa wenyewe, bei ileile, ukiacha faida ndogo ya uzee.

Mashine ya pili inafanya kazi mpaka leo. Yule mwenyekiti msahaulifu sasa ni meneja wa fedha wa kiwanda, na kila mwaka mpya anaandika bajeti yake ya chakula kabla ya kugusa ya kiwanda. Ameniapia.

Mama Bajeti, ahsante kwa miaka yote. Mzee wako amepona, mtoto amemaliza, pensheni yako imenyooka. Kalale mpaka jua likuchoke. Tunakuombea siku ndefu na chai yenye sukari.

Haya, kabla karani hajafunga kalamu. Ile ya "bila kusita" niliitunga. Mwenyekiti alipouliza nani anataka tugawane, mkono wangu ulitangulia mikono yote kwenda juu. Hamsini na tatu, ndugu zangu, zaidi ya nusu ya faida! Mwalimu alinitazama tu, kama anavyomtazama aliyekula hela ya wiki siku ya Jumatatu. Mkono ukashuka wenyewe, nikajidai najikuna kichwa.