Maji Hayadaki: Kwaheri ya Mwalimu wa Kemia

Kabla ya pongezi, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: wiki iliyopita, katika kipindi cha kemia, mpira ule niliudaka makusudi.

Sasa wasifu. Mwalimu wetu wa kemia anastaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ileile, yenye bomba lilelile linalovuja. Kazi ya kumwandika nimepewa mimi wa kidato cha tatu, kwa sababu mwalimu mkuu anaamini mtu asiyeongea lazima awe na mengi ya kuandika.

Mafanikio yake si haba. Karatasi za litimasi, zile za kupimia asidi, alizikata nyembamba kama kucha ili zitoshe darasa zima, tukawa tunabishana kama kipande kimekuwa chekundu au ni kivuli cha kidole. Koti lake lina matundu mengi ya asidi kuliko vifungo, na bado anaapa hajawahi kumwaga kitu. Somo hulitoa kwa lugha ya kitabu, kejeli kwa Kiswahili, ndiyo maana kejeli tunazikumbuka zote.

Ila kilichompa jina ni mchezo wa protoni. Protoni ni mpira wa tenisi ulionyonyoka manyoya. Asidi ni Mlingoti, mvulana mrefu kuliko wote, kwa kuwa asidi hutoa protoni. Besi ni shoga yangu Kinanda, kwa kuwa besi huipokea. Mimi nasimama katikati. Mimi ni maji, kila mara.

"Wewe binti, kazi yako kusimama tu," husema Mwalimu. "Maji ni ukumbi. Harusi ni ya wenzako."

Darasa hucheka, mpira hupita juu ya kichwa changu, somo limekwisha.

Taabu ni kwamba kitabu chake mwenyewe, kile anachozuilia mlango usijifunge, kinasema mengine. Protoni hairuki juu ya maji. Maji ndiyo huipokea kutoka kwa asidi, kisha yakaikabidhi kwa besi. Asidi isipokuwepo, maji hutoa protoni yake yenyewe na kuipa besi. Yaani ukumbi ndio unaopika na kupakua, na miaka yote hiyo umeambiwa usisogee.

Ndiyo maana wiki iliyopita niliinua mikono nikaudaka mpira. Mwalimu akaja mbio.

"Pole, mwanangu. Umekugonga?"

"Wala, Mwalimu," akadakia Mlingoti, "kajikinga uso tu."

"Basi mrudishie mwenzio. Maji hayadaki."

Nikaurudisha. Haki yake nimpe: kwa magoti yale yanayomuuma, hakuna mwalimu mwingine ambaye angekimbia.

Lakini anayekuja kushika nafasi yake aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na ameshauomba ule mpira. Nisiposema kabla ya Ijumaa, binti mwingine atasimamishwa katikati kama nguzo.

Mwalimu, asante kwa kejeli na kwa mbio zile. Tunakuombea magoti yasiyouma na nyumba yenye bomba zima. Nasikia soli yako iliyoachia ikipiga makofi koridoni. Unakuja kukagua nimekuandikaje. Mkono wangu ulishaifunika karatasi hii. Nimeuondoa. Mpira uko hapa mezani. Ukimaliza kusoma, nirushie.